Miezi mitatu kwa baba yake

Afisa wa mpakani alimuuliza ami yangu, ndugu yake baba, swali la kawaida: "Pemba unakwenda kwa nani?"

"Kwa baba."

"Baba yuko Pemba tangu lini?"

"Tangu 1979."

"Ana kibali cha kuishi?"

"Hana haja nacho. Kazikwa kule."

Ami anasema yule kijana aliitazama karatasi, akaitazama kofia ya ami, kisha akapiga muhuri wa miezi mitatu. Kisa hiki kakisimulia barazani kwetu si chini ya mara kumi katika siku mbili, maana watu walikuwa wakimiminika kuja kumuona na kila kundi lilitaka kusikia lenyewe. Kila akisimulia, kijana wa mpakani alizidi kuwa mjinga. Mara ya kwanza alikuwa na adabu zake.

Usiku wa pili mtoto wa jirani akauliza, "Kwa hivyo huyu ni mgeni au si mgeni?" Tulikuwa watu wazima watano. Mmoja akasema mgeni, kwa sababu ana kitambulisho cha Kenya. Wa pili akasema hata kidogo, damu haivuki mpaka. Mimi nikasema inategemea, jibu la mtu asiyetaka kugombana. Mama, aliyekuwa akipepea makaa, akasema, "Mgeni siku mbili," akaendelea kupepea. Wa tano alikuwa Mwalimu, naye hakusema kitu. Nitamrudia.

Nianze na babu. Babu alikuwa mtu wa dago. Kwa asiyetoka pwani, dago ni kambi ya wavuvi: watu wanamfuata samaki hadi ufuo wa wengine, wanajenga vibanda vya makuti, wanavua, wanaanika ng'onda, na msimu ukigeuka wanarudi kwao na fedha kidogo na hadithi nyingi. Wapemba wamepiga dago pwani ya Kenya tangu zamani: Vanga, Shimoni, Wasini, hadi juu huko Kilifi na Lamu. Bahari iliyopo baina yetu na wao ni kiasi cha kilomita 50. Kwa chombo chenye tanga zuri na nahodha asiye mvivu, ni safari ya kutwa.

Mwisho wa miaka ya 1940 babu alipiga dago Vanga. Mwaka uliofuata akaenda tena. Mara ya tatu akaoa, binti wa Kipemba mwenzake aliyevushwa akiwa mchanga kutoka mji wa Mkoani. Kwa hivyo babu akawa na nyumba mbili, moja huku Pemba upande wa Micheweni ambako alizaliwa baba yangu, na moja Vanga, alikozaliwa ami mwaka 1961. Bibi yangu alilijua hilo na hakulipenda, ila hiyo ni makala nyengine.

Kuna jambo nililolisoma skulini bila kulielewa, nikaja kulielewa kwa babu. Alipokuwa akivuka kwenda Vanga, babu hakuwa akienda nchi ya kigeni. Ukanda wa pwani ya Kenya, upana wa maili 10 kutoka baharini, ulikuwa kwa jina ni milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Muingereza ndiye aliyetawala. Bendera nyekundu iliyopepea Wete, hapa Pemba, ilipepea pia Mombasa. Oktoba 1963 wakubwa wakakubaliana ukanda ule uwe wa Kenya. Tarehe 10 Disemba Zanzibar ikapata uhuru wake, tarehe 12 Kenya ikapata wake. Januari 12 yakaja Mapinduzi, Aprili 26 ukaja Muungano. Ukihesabu tangu uhuru wa kwanza hadi Muungano ni siku 138. Ndani ya siku hizo babu alikuwa akienda baharini na kurudi kama kawaida yake, na mkewe mdogo akawa mgeni bila ya kunyanyua mguu kutoka jikoni.

Babu uzeeni alirudi Pemba, akafia hapa. Ami akabaki Vanga kwa mama yake, mahali alipozaliwa, na hapo ndipo alipokaa miaka zaidi ya 60 bila kipande. Kipande ndilo neno wanalotumia kule kwa kitambulisho. Bila ya kipande huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hivyo huna M-Pesa. Leseni ya uvuvi ni shida, chombo unakiandikisha kwa jina la rafiki na unaomba Mungu msigombane. Msako ukija unakaa mikokoni na mbu hadi watu wa serikali wachoke. Wako waliotafuta njia nyengine, wakajiandikisha Wadigo au Wabajuni, wakakipata, na wakakaa maisha yao yote wakiogopa kuulizwa jina la babu wa tatu. Ami hakufanya hivyo. Anasema ni kwa msimamo. Mkewe anasema alijaribu, ila lafudhi ilimuumbua.

Msiwacheke waliobadili jina, kwa sababu na sisi tumelifanya hilo tena kwa wingi. Katika sensa ya 1924 hapa Zanzibar maelfu ya watu walijiandika kuwa ni Waswahili. Kufika sensa ya 1931 hao Waswahili karibu wote wametoweka. Hawakufa wala hawakuhama. Walikuwa wamekuwa Washirazi, Wahadimu, Waarabu, kwa sababu serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwapanga watu kwa jina, na kila jina lilikuwa na mlango wake. Vita Vikuu vya Pili vilipoleta mgao wa chakula, mchele ukatolewa kwa kuangalia wewe ni nani. Hebu fikiria: asili yako unaithibitisha kwa kibaba cha mchele. Mtu akiniambia leo kuwa yeye ni Mzanzibari wa asili mimi humuuliza, kwa heshima, asili ya kabla ya mgao au ya baada ya mgao?

Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa ni moja ya jamii za nchi ile, kama ilivyowatambua Wamakonde na Washona kabla yao. Julai mwaka huo Rais William Ruto akakabidhi vyeti na vitambulisho Kilifi. Ami alisubiri zamu yake. Kitu cha kwanza alichofanya na kipande chake kipya, akasajili laini. Cha pili, akanipigia simu kunieleza kuwa kasajili laini.

Jambo la Vanga ninalotaka kulishika ni hili. Jamii ile ilipokuwa ikipigania kutambuliwa, watu wa pembeni yao walisimama kusema: hawa tunawajua. Na ujuzi wenyewe haukuwa wa mambo makubwa. Chombo kikishuliwa majini wanashua nasi, kikikwama wanakuja na kamba. Mtu akifa wanachimba. Maulidi wanachanga, wakichelewa wanatoa udhuru. Ami anasema kwa miaka 60 hakuna jirani aliyemuuliza kama anaipenda Kenya. Walimuuliza kama atakuja kesho alfajiri kushua.

Nayalinganisha haya na habari za binti wa shangazi yangu, anayeishi Uingereza. Alitoka hapa mwaka 2001. Tarehe 27 Januari mwaka ule polisi waliwapiga risasi waandamanaji Pemba, na watu wapatao 2,000 wakavuka kukimbilia Shimoni. Yeye alikuwa msichana, akashukia kwa ami. Katika muda mfupi watu wa Umoja wa Mataifa wakaliandika jina lake na kumpa karatasi ya ukimbizi. Mgeni wa wiki mbili ana karatasi, na mwenyeji wake, aliyezaliwa pale na kumpa kitanda chake yeye akalala ukumbini, hana hata moja. Ami hilo nalo hulisimulia kwa kucheka. Simwelewi wakati mwengine.

Binti wa shangazi hatimaye akafika Uingereza, na ulipofika wakati wa kuomba uraia akafanya ule mtihani wao wa maisha ya nchi ile: maswali 24, dakika 45, ukipata 18 umefaulu. Akahifadhi majina ya wake sita wa mfalme Henry wa Nane kama tulivyohifadhi Juzuu Amma. Akafaulu. Watoto wake wanasoma skuli ambayo ukutani pamebandikwa maadili ya Kiingereza, yaleyale yaliyoagizwa na serikali yao kufundishwa: demokrasia, utawala wa sheria, uhuru wa mtu, kuheshimiana na kuvumiliana baina ya wenye imani tofauti. Aliponisomea kwa simu nilimwambia mbona haya yote hata kadhi wa Wete atayatia saini, Uingereza yenyewe iko wapi hapo?

Akacheka. Akasema Uingereza iko kwenye mapipa ya taka. Mtaani kwake kuna pipa la rangi hii kwa karatasi na la rangi ile kwa taka za jikoni, na kila moja lina siku yake. Mwaka wa kwanza alikosea, na jirani, bibi mmoja mkongwe, hakumwambia neno. Alitoka usiku akamrekebishia mapipa. Mwaka wa pili yule bibi akavunjika nyonga, na ikawa ni binti wa shangazi anayetoa mapipa ya nyumba zote mbili. "Siku hiyo," aliniambia, "ndiyo nilipokuwa mtu wa mtaa ule. Na hilo mtihanini halimo."

Sasa tuje kwetu, maana mpaka hapa nimesema ya watu tu.

Sisi huku nasi tuna mjadala wetu, na kila mwaka unazidi moto. Sensa ya 2012 ilituhesabu Zanzibar nzima watu 1,303,569, ya 2022 ikatuhesabu 1,889,773. Watoto tumezaa, hilo sikatai, ila na wageni wamekuja. Fukwe za Nungwi na Paje zina Wamasai wenye shuka nyekundu na Wazungu waliokuja wiki moja wakakaa mwaka wa tano. Hoteli zimejaa vijana wa Bara na wa Kenya, na vijana wa kijiji kilekile wamekaa nje ya uzio wakiuza madafu. Kuna nyumba za kisasa zinazouzwa kwa dola kwa watu ambao hawajawahi kuonja mchuzi wa pweza. Anayelalamika si lazima awe na roho mbaya. Ardhi ni ya serikali, sisi tuna haki ya kuitumia tu, na mtu mwenye haki ya kutumia akimuona mwenye dola anakuja, ana sababu ya kutetemeka. Kuhusu kura na nani ahesabiwe mkaazi, sisemi kitu. Kila aliyekulia Zanzibar anajua jinsi swali hilo lilivyotugharimu.

Lakini mjadala haukai kwenye ardhi na ajira, ambako una maana. Unateleza. Ghafla tunazungumza "mila, silka na desturi zetu", maneno matatu yanayotembea pamoja kama wanafunzi wa chuoni, na hakuna anayeyafafanua. Kisha linakuja lile neno "machogo" kwa watu wa Bara, linasemwa barazani mchana kweupe, na watu wanacheka. Wapemba nao wanacheka! Sisi ambao tukivuka tu kwenda Unguja tunaigizwa lafudhi. Sisi ambao hakuna mji Bara usio na duka la Mpemba, tumekaa huko vizazi viwili, tunauza sukari robo robo kwa watu wale wale.

Na hizo mila. Mchezo wa ng'ombe tunaojivunia Pemba, wazee wanasema tumeachiwa na Wareno. Mwaka Kogwa wa Makunduchi ni mwaka mpya wa Kiajemi uliokuja na majahazi. Chukua hata maneno ambayo serikali yoyote huyatumia kumfukuza mgeni. Serikali yenyewe ni neno la Kiajemi. Sheria ni la Kiarabu. Bendera ni la Kireno, na gereza pia. Paspoti ni la Kiingereza. Katika orodha hii, la kwetu la Kibantu, lisilokuja na chombo, ni moja: mgeni.

Hapo ningeweza kuishia, nikaonekana mwerevu. Tatizo ni Mwalimu.

Mwalimu alikuja kijijini kwetu mwaka 1986 kutoka Tabora kufundisha hesabu. Alinifundisha mimi, na kabla yangu kaka zangu, na baadaye watoto wa kaka zangu. Ni Muislamu, na kusoma Kurani anawashinda wengi waliomtangulia kuzaliwa hapa. Kila nililosema juu ya ami kule Vanga, Mwalimu kalifanya hapa. Kachimba makaburi. Kachanga. Kisima kilipoanguka mwaka wa mvua kubwa, yeye ndiye aliyeingia chini kwanza. Kwa hesabu yangu ya mapipa na kamba, Mwalimu ni mtu wa hapa kuliko mimi niliyeondoka kwenda kusoma na kurudi na miwani.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini alimposa shangazi yangu mdogo. Shangazi alikuwa radhi. Wazee wakakaa, wakanywa kahawa, wakatoa jibu: si kufu. Kufu, yaani kulingana kwa wanaooana, ni neno la dini, lina maana yake na masharti yake kwa wanaolijua. Kwetu limekuwa kama mlango wa uani, ambao hutumiwa na mtu asiyetaka kuonekana akitoka. Hawakusema ni mtu wa Bara. Walisema, "Ukoo wake hapa nani anaujua?" Mmoja wa waliokaa kikao kile alikuwa baba yangu, ambaye baba yake aliposa Vanga akiwa na jamvi, mshipi na nguo alizovaa, na hakuna aliyemuuliza ukoo. Nilimuuliza baba kabla hajafa. Alisema, "Nyakati zilikuwa zile," akaomba maji.

Shangazi akaolewa na mtu wa kufu, akaachwa kwa mwaka wa pili. Mwalimu akaoa mwanamke wa Unguja, wana watoto wanne, wote wanazungumza Kipemba kile ambacho hata mimi kimeanza kunitoka. Na hadi leo ukiuliza nyumba yake unaambiwa, "Kwa Mwalimu wa Bara." Miaka karibu 40. Watoto wake waliozaliwa hapa ni watoto wa Mwalimu wa Bara.

Kwa hivyo hadithi yangu nzuri ya kushua vyombo ina tundu. Kumbe mtu anaweza kuja kila alfajiri, akavuta kila kamba, na pakawepo chumba kimoja cha ndani ambacho hafunguliwi. Tunajua kumpangia mgeni wajibu: avae hivi, aseme hivi, ahudhurie, asubiri. Huo mtihani wa maswali 24 angalau unafika mwisho, unatoka na cheti. Wetu hauna idadi ya maswali na wasahihishaji hufa wakawarithisha watoto wao. Na upande wa mwenyeji, hicho anachodaiwa yeye mgeni akishalipa chote, sijakiona kimeandikwa popote, si Kenya, si Uingereza, na hapa kwetu ndiyo kabisa, kwa kuwa sisi tunaamini ukarimu tumezaliwa nao.

Nilimuuliza Mwalimu siku zilizofuata kwa nini alinyamaza mtoto alipouliza. Alisema hakunyamaza, alikuwa akitafuna kashata.

Asubuhi ya siku ya tatu mama alitandika majamvi uani. Ulikuwa mwezi wa karafuu, na vijana walikuwa wameshusha magunia usiku. Ami alikuwa amekaa juu ya kiti na redio, kama mgeni anavyokaa, akisubiri chai. Mama akamuwekea pakacha mbele yake, limejaa vishada.

"Shemegi, leo ya ngapi?"

Ami akahesabu kwa vidole. Akaizima redio. Akashuka chini.

Huyu ni mtu aliyevua tangu ana miaka minane, mikono yake inafunga fundo gizani, ila kuchambua karafuu hajui. Anavuta kishada kizima, karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, vinaangukia pamoja. Shangazi, aliyekuwa akigawa chai, alimkemea mara mbili. Mwalimu alikuja saa nne, kama anavyokuja kila msimu bila ya kuitwa, akakaa pembeni mwa ami na kumuonesha: kishada unakishika hivi, unakigeuza kwenye kiganja, karafuu huku, makonyo kule. Ami akamuuliza, yeye alijifunza wapi.

"Hapa hapa," alisema Mwalimu. "Jamvi hili hili."

Wakaingia kwenye siasa za Kenya hadi magharibi. Ilipopimwa, Mwalimu alikuwa na pishi nne na ami moja na nusu, tena chafu, na mama akamwambia kesho aanze mapema.